Anikute na Nyundo Mkononi

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Odio imefika Mushaki, mahubiri ya kutumiana kwenye simu. Dakika saba na nusu. Mhubiri wa mbali, jina lake hakuna anayelijua, lakini ana sauti ya mtu aliyeambiwa jambo. Anasema Bwana Yesu anarudi Jumapili tarehe 21 mwezi huu, saa tisa za mchana. Nimeisikiliza mara nne sokoni, kwenye simu za watu mbalimbali. Mara ya nne ilibidi nikae chini.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu ila mimi. Siko tayari. Miaka kumi na mmoja mimi ni mkuu wa protokole katika kanisa letu. Nasimama mlangoni, naonyesha watu benchi, nanyamazisha watoto. Akija leo atanikuta nafanya nini? Namsukuma mama wa watu asogee.

Jana Pasta Valentin alihubiri juu ya mambo hayo hayo. Alisema mawili. La kwanza, siku wala saa hakuna anayeijua. La pili, heri mtumishi ambaye bwana wake atamkuta kazini. La kwanza nimemwachia Pasta. La pili nimelibeba mpaka nyumbani.

Mke wangu, Mama Sophie, alinikuta kwenye kiti nikiwaza. Akauliza kwa nini shamba la viazi halijaguswa na mvua iko karibu. Nikamweleza kwa upole kwamba viazi vinataka miezi mitatu, na dunia imebakiza siku kumi na tatu. Akachukua jembe akaenda peke yake. Alipofika mlangoni aliongeza kwamba Bwana akija, atamweleza yeye mwenyewe nani alikuwa shambani na nani alikuwa kitini.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Kazi imepatikana! Mama Euphrasie.

Ni mjane, anakaa chini kidogo ya barabara. Amerudi mwezi wa saba kutoka kambi ya wakimbizi, baada ya miaka miwili. Alikuta nyumba yake haipo. Mbao ziliwaka motoni kwa wapita njia, mabati yalitembea. Kimebaki kiwanja cha mawe. Anaishi juu ya mawe hayo, chini ya turubai, na sufuria mbili na kuku mmoja.

Nitamjengea nyumba. Pasta ana mabati ya kanisa la zamani, yamelala tu nyuma ya ofisi yake. Nilipomwomba alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlengalenga. Sikumwambia habari ya saa tisa.

Mpango wenyewe ni huu. Jumapili ya tarehe 21, saa tisa kamili, nitakuwa juu ya paa la mjane, nyundo mkononi. Hakuna kitu kati yangu na mawingu. Bwana akitazama Mushaki, wa kwanza kuonekana ni mimi.

Hatari ni moja. Nyumba ya vile watu wawili huimaliza kwa wiki. Ikiisha mapema, nitakutwa nimekaa. Lazima nijenge, lakini polepole.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nimekata mikalitusi yangu mwenyewe. Nimechimba mashimo manne na kusimika nguzo kwa siku nzima, kazi ya asubuhi moja.

Mama Euphrasie alikaa kwenye jiwe akinitazama. Mwishowe akauliza, “Papa Sophie, uko natafuta nini kwangu?” Nikasema ni upendo. Akasema katika maisha yake mwanaume wa kilima hiki hajamchimbia hata shimo la taka, na kwamba nguzo ya upande wa mgomba imelala.

Manzi alipita na bidoni lake la maziwa. Huyu ni kiongozi wa kwaya. Mimi na yeye hatujaelewana tangu aliposema mbele ya baraza kwamba protokole ni kazi ya kusimama tu. Akauliza najenga nini. Nikasema nyumba. Akauliza kwa nini. Nikajifanya nina msumari mdomoni.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Manzi amekuja. Na nyundo. Na mbao zake sita, nzuri kuliko zangu.

Alimwambia Mama Euphrasie kwamba ameguswa moyoni. Ameguswa na odio, huyo! Yeye ndiye aliyeituma kwa kwaya nzima.

Siwezi kumfukuza mtu kwenye tendo jema la mjane. Nimejaribu kuwaza namna, haipo. Basi tumekaa kando na kugawana paa. Lina miteremko miwili: mmoja unatazama Sake, mwingine unatazama Masisi. Nikafanya kama mwungwana, nikamwachia achague. Akachukua wa Sake haraka mno. Nilirudi nyumbani nikijipongeza kwa unyenyekevu.

Saa kumi na mbili jioni nikakumbuka. Maandiko yanasema atatokea kama umeme, kutoka mashariki kwenda magharibi. Mashariki ni Sake. Manzi ataonekana wa kwanza. Mimi nitakuwa nyuma ya paa, kama mtu aliyejificha.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Siku mbili za kuhangaika. Nimemwambia Manzi kwamba upande wa Masisi una kivuli, utamfaa kwa umri wake. Akasema anapenda jua. Nimemwambia kwamba upande wa Sake una upepo. Akasema hata yeye anasoma Maandiko.

Nikajaribu kwa Mama Euphrasie. Nikamshauri tugeuze nyumba yote, mlango utazame juu kilimani. Hapo miteremko ingegeuka pia, na ingenipa siku tatu za kung'oa nguzo. Akajibu kwamba mlango aliuweka marehemu mume wake utazame bonde, naye amezoea kutazama bonde akichambua maharage. Hata kambini, alisema, alikuwa akifumba macho ili alione.

Nguzo zimebaki.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Kanisa limejaa mpaka nje. Watu ambao sijawaona tangu ubatizo wao. Nimepanga mabenchi kama mtu anayepanga matofali.

Wakati wa ushuhuda Manzi alisimama na kueleza jinsi Bwana alivyomtuma kujenga nyumba ya mjane. Alisema “mimi na ndugu mwingine”. Ndugu mwingine alikuwa mlangoni, amembeba mtoto wa mtu anayelia. Pasta akampongeza Manzi. Mkutano ukapiga makofi. Mtoto akanitapikia.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Mvua ya kwanza. Si ya kuuliza. Ilianza saa sita mchana, ikaporomoka mpaka jioni.

Nyumba ina nguzo, kuta nusu, na mbao za juu. Mabati yamelala pembeni. Ingetosha siku moja na nusu kuyaweka. Mama Euphrasie alikuwa chini ya turubai na kuku wake mapajani, maji yakipita katikati ya mawe. Akauliza mabati yatapanda lini. Nikasema Jumapili. Akauliza kwani Ijumaa mabati yatakuwa na shida gani. Nikasema mbao zinatakiwa zipumzike kwanza, zizoee mahali. Akanitazama vile alivyotazama ile nguzo iliyolala.

Mama Sophie amemaliza kupanda viazi, shamba lote, peke yake. Amenionyesha mikono. Nimemwambia kila mmoja ana wito wake.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Nimeogopa Manzi asinitangulie. Mtu akipata mtazamaji huanza kwenda mbio. Kwa hiyo nimeuficha mfuko wa misumari chini ya benchi la mwisho kanisani, mahali ambapo anafagia protokole tu.

Nilipofika kiwanjani nikamkuta Manzi ameketi juu ya mbao zake, akishangaa kwa sauti kubwa kwamba zote zimekatwa fupi. Fupi kwa kiganja kizima. Nikaangalia vumbi la msumeno. Lilikuwa jipya, na lilikuwa kwenye suruali yake.

Nikamwambia pole, hata misumari haionekani. Akaniangalia. Nikamwangalia. Tukaelewana bila kusema. Ni mara ya kwanza katika miaka tisa. Tukakaa pamoja, tukala mahindi yake ya kuchoma, tukazungumzia bei ya ng'ombe. Mvua ikaja, tukaondoka.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Mama Euphrasie anakohoa.

Ameshapata habari ya tarehe 21. Mtu wa kwaya amemwambia. Nilifikiri atakasirika. Alicheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkata, ikabidi Manzi amshike bega.

Halafu alizungumza, na nitaandika jinsi alivyosema. Alisema mwisho wa dunia umeshamfikia mara tatu. Mara ya kwanza alikimbia na watoto wanne, ya pili na mume, ya tatu na sufuria. Kila mara alifikiri hakuna kesho, na kila mara asubuhi ilifika na alitakiwa kutafuta kuni. Nikamwuliza kama basi haamini kwamba Bwana anarudi. Akakunja uso.

“Naamini kuliko weye. Akuje tu. Mi namungojea kila siku. Lakini anikute mukavu.”

Manzi alitazama nyundo yake. Mimi nilitazama kuku. Neno hilo lilinifuata njia nzima ya kurudi. Nikapanga kwamba kesho nitaleta misumari. Lakini baada ya kula nikahesabu siku tena. Nne tu. Mtu aliyengoja miaka miwili kambini hashindwi na siku nne.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Homa imempiga. Mama Sophie alimpelekea uji asubuhi, akamkuta anatetemeka, hajui ni siku gani. Wamempakia kwenye pikipiki, dereva mbele, Mama Sophie nyuma akimshikilia, mpaka kituo cha afya. Mapafu. Wamemlaza.

Nilikuwa uani mke wangu aliporudi, sketi imejaa matope mpaka kiunoni. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliketi, akavua viatu, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akauliza neno moja.

“Misumari iko wapi?”

Nikaanza kueleza jinsi mbao zinavyopumzika. Akauliza tena kwa sauti ile ile. Nikamwambia.

Sikula. Hakuna aliyepika.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Wamama wa kanisa wamekuja, kumi na mmoja. Mbele yao Joséphine-Marie, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye mikono kama ya fundi chuma. Alifunga kitambaa kichwani, akapanda ngazi. Manzi na mimi tulipoisogelea alituzuia kwa kidole.

“Banaume bakae chini. Mutupe misumari.”

Tukawapa misumari. Siku nzima, mmoja mmoja. Mteremko wa Sake, mteremko wa Masisi, bila kuulizana umeme unatoka wapi. Mbao fupi za Manzi waliziunga mbili mbili. Nguzo iliyolala waliisimamisha. Saa kumi jioni paa lilikuwa limekwisha, na mlango unatazama bonde.

Mama Sophie alikuwa juu pale na wenzake, anacheka. Sijamwona akicheka tangu tarehe 8. Hakuwa anacheka na mimi.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Mama Euphrasie amerudi na vidonge. Amekonda. Aliingia ndani, akagusa kuta zote nne, akaketi mlangoni na ungo wa maharage. Alisema ahsante kwa wamama. Kwangu alisema nimpishe kidogo, namzibia bonde.

Nimebaki bila kazi, na kesho ndiyo siku!

Nimezunguka Mushaki nzima nikitafuta mhitaji. Wameisha. Kila mtu ana tendo lake jema. Mashimo yote ya njia ya sokoni yamefukiwa. Wagonjwa wanatembelewa mpaka wanaomba kulala. Mzee mmoja mwenye kidonda mguuni ameoshwa miguu mara nne tangu asubuhi, na watu wanne tofauti. Nilipobisha na beseni langu alijibu kupitia dirishani kwamba miguu yake sasa ni safi kuliko roho yangu, niende.

Nimerudi na beseni.

Jumapili, tarehe 21 Septemba

Naandika huku mguu uko juu ya kiti. Nitaandika kwa mpangilio.

Ibada ilikwisha saa saba. Watu walitawanyika kwenye matendo yao. Mimi nilikwenda kwa Mama Euphrasie na nyundo ndani ya koti. Wazo lilikuwa dogo, halina madhara. Nitapanda kimya, nitang'oa msumari mmoja, na saa tisa kamili nitakuwa naupigilia. Mmoja tu. Nani atajua?

Nilipofika juu, upande wa Sake kulikuwa na Manzi. Alikuwa ameng'oa minne.

Tukagombana kwa kunong'ona, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amelala chini yetu. Nikamwambia aibu yake, minne. Nikang'oa yangu minne ili tulingane. Akang'oa wa tano. Mimi wa tano na wa sita. Hatukuangalia mawingu, sisi tuliokuwa pale kwa ajili ya mawingu.

Saa tisa kasoro dakika mbili, anga la Sake likawa jeusi. Umeme ukapiga, kutoka kule mashariki ukapita juu yetu kabisa mpaka magharibi. Namna ile ile iliyoandikwa. Nilisikia Manzi akilia. Nikafumba macho nikapiga nyundo, nikapiga popote, nikisema niko hapa, Bwana, niko kazini, tazama. Halafu upepo ukaingia chini ya mabati.

Mabati mawili yaliondoka na sisi. Tulianguka kwenye matuta ya kabichi, mimi juu ya Manzi, bati juu yangu. Nikajua nimenyakuliwa, ila kwa njia ya chini. Manzi alikuwa amenikumbatia shingoni akitubu. Alitubu hata ile habari ya baraza.

Nilipofumbua macho niliona miguu miwili katika viatu vya plastiki. Mama Euphrasie alikuwa amesimama kwenye mvua, amejifunika gunia. Nyuma yake maji yalikuwa yanaingia ndani ya nyumba kwa tundu tulilofanya, juu ya kitanda alichopewa jana. Alitutazama tulivyokumbatiana. Hakupaza sauti.

“Mwenyewe hajakuja. Mukuje nyinyi. Mupigilie hii bati.”

Tukapigilia. Mguu wangu ulikuwa umevimba tayari, nikapanda kwa magoti. Manzi alishika, mimi nilipiga, kisha nikashika, yeye akapiga. Mvua ilitupofusha. Tulitumia misumari yote, hata iliyopinda, tukainyosha kwa meno ya nyundo. Hatukugawana upande. Tulimaliza kama saa kumi na moja na nusu. Tukaingia ndani tukamkaushia sakafu kwa koti langu, tukageuza kitanda, na yeye akatupa chai ya tangawizi katika kikombe kimoja, tukapokezana.

Saa mbili na nusu za kazi ya kweli, na zote bure. Saa tisa ilikuwa imeshapita.

Jumatano, tarehe 24 Septemba

Mguu haujavunjika, umeteguka. Wiki mbili kitini, amesema muuguzi. Kutoka hapa naona shamba letu la viazi. Mama Sophie analizunguka kila asubuhi. Ameanza kuzungumza nami, maneno mafupi, ya chumvi na maji.

Pasta alikuja jana. Alisema siku wala saa hakuna anayeijua, na akaniuliza kama sasa nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa. Alifurahi. Mimi nilikuwa namaanisha kwamba, kwa kuwa haijulikani, inaweza kuwa wakati wowote, hata leo, na mtu lazima awe na tendo jema karibu saa zote.

Hiyo nimeiona kwa sababu ya Manzi. Jumatatu alikuja na maziwa kunisalimia. Nikaguswa. Jana akaja tena, saa ile ile. Leo tena. Anaketi kando yangu, ananishika mkono, lakini macho yake yako juu, upande wa Sake. “Niko nakuombea, kaka,” alisema leo, akiyaambia mawingu.

Nikaelewa. Kumtembelea mgonjwa! Mimi ndiye mgonjwa. Mimi ndiye kazi yake. Bwana akija wiki hii atamkuta Manzi na bidoni la maziwa, na mimi hapo kando, mguu juu, nimetumiwa kama ngazi.

Sitakubali. Alipokuwa anaondoka niligundua jambo. Alipiga chafya mara tatu, na sauti yake ina mafua mazito ya ile mvua. Kwake hajaenda mtu. Nimemwomba Mama Sophie fimbo na chupa ya uji. Amenitazama sana, akachukua jembe. Kesho nitatoka hata kwa kutambaa, mapema, kabla huyo mtu hajapona.